Wanawake Thelathini na Sita wa Koko Éphraïm

Beni, Beu, tarehe 12 Februari 2023

Koko, babu yangu Éphraïm,

Nakusalimia wewe kwanza, kisha shangazi Victoire anayekuvumilia kila siku, kisha jirani zako wote wanaokuazima redio. Hapa tuko wazima. Hadassa ameota meno manne na anauma kila mtu. Jumapili alimuuma padri kidole wakati wa baraka. Baba yuko Eringeti kwenye kakao yake. Anasema mvua imezidi, mais ukimwambia arudi mjini anasema mvua ya kule ni nzuri kuliko kelele za hapa.

Barua hii nampa Djuma, yule dereva wa minibasi ya Beni–Butembo, kwa sababu nikikupigia simu unajibu "eeh, eeh" na najua hausikii kitu.

Nina habari. Tangu mwezi wa kwanza nimeacha kuchoma sindano. Wameniweka kwenye kikundi cha kupima ubora wa vituo vya afya. Naenda kituo kwa kituo na karatasi mkononi. Sabuni iko kwenye bomba? Alama moja. Pazia iko kwenye chumba cha kupimia? Alama mbili. Wanawake wangapi wa miaka thelathini hadi arobaini na tisa walipimwa kansa ya mlango wa kizazi kabla hawajaanza kuumwa? Alama kumi. Na hapo kwenye kumi ndipo vituo vyote vinaanguka. Wanawake hawaji. Mwezi wa sita nitasimama mbele ya matitulaire wote, wakuu wa vituo, niwaeleze namna ya kuwavuta.

Basi mkubwa wangu akanitolea faili ya mafunzo. Akasema: "Soma, huu ndio mfano wetu." Kituo kimoja cha Butembo, mwaka 2016: wanawake sitini walitarajiwa ndani ya miezi mitatu, sitini wakapimwa. Asilimia mia moja! Nikatafuta jina la titulaire. Syauswa Éphraïm! Koko, nilipiga vigelegele ndani ya bureau, ofisi nzima wakadhani nimeshinda bahati nasibu.

Kwa nini hukuniambia siku hata moja? Niandikie siri yako. Nitaisema mbele ya wote na nitataja jina lako.

Na presha yako, walikupima lini?

Mjukuu wako,
Séphora

*

Butembo, Rughenda, tarehe 3 Machi 2023

Bibi yangu Séphora,

Nimepokea barua yako kutoka kwa Djuma, ambaye aliniletea pia mkungu wa ndizi uliopondeka upande mmoja. Alisema ulikaliwa na mkoba wa mtu. Msalimie yule kijana anayejiita mume wako. Mkumbushe kwamba mimi ndiye niliyekuposa kwanza, ulipokuwa na siku nane, na mpaka leo hajaja kuniomba ruhusa. Mwambie bado nasubiri.

Hapa tuko salama. Victoire ananipigia kelele asubuhi, mchana ananipa uji, jioni kelele tena. Ndege ndogo zinapita juu ya paa kwenda uwanjani na kila moja inamwamsha mbuzi. Mimi sina shida. Miguu yangu imenenepa kidogo. Mwishowe nimepata miguu ya tajiri. Siku hizi nalala nimekaa kwenye kiti, kama askari wa zamu. Ni starehe tu, kitanda kinanichosha.

Ulitaka siri. Unajua kipimo chenyewe: muuguzi anapaka siki pale mahali, anangoja dakika moja, na kama kuna kitu kibaya kinageuka cheupe. Basi siri ni siki nzuri. Pia uvumilivu. Pia pazia safi, na rejesta isiyofutwafutwa. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana, mapadri walionifundisha walipiga vidole vyetu kwa rula mpaka herufi zikanyooka.

Mais nikushauri kama mtu aliyezeeka katika kazi hiyo: usichukue kituo chetu kama mfano. Ni habari ya zamani. Kabla ya Ebola watu walikuwa wengine. Chukua kituo fulani cha huko Beni, kitu kipya kipya, wakubwa wanapenda kipya.

Wanawake wa hapa walikuwa na maneno, kumbe! Nakumbuka mmoja alisimama mlangoni, akaangalia chupa ya siki mkononi mwangu, akasema: "Titulaire, sisi hapana saladi." Akaenda, na wenzake wanane nyuma yake. Cheka na hiyo, itakutosha kwa mkutano.

Na wewe, bibi yangu? Una miaka thelathini na minne. Umepimwa?

Koko wako,
Éphraïm

*

Beni, tarehe 20 Machi 2023

Koko,

Shikamoo kwanza, maana najua usipoipata hautasoma yanayofuata. Hadassa sasa ana meno matano. Mume wangu anasema ruhusa ataiomba siku utakapomrudishia saa yake ya mkononi. Baba amerudi na malaria, amekunywa dawa, amepona, amekwenda tena.

Koko, umeandika kurasa mbili na haukujibu kitu. Wewe! Mtu ambaye ukimuuliza saa anakueleza historia ya saa! Ukaniambia nichukue mfano mwingine. Nikajiuliza: tangu lini koko wangu anakataa kusifiwa?

Kwenye faili ile kuna picha ya kurasa za rejesta yako. Wanaionyesha kama mfano wa usafi. Ni kweli ni safi, lakini si mwanzoni. Majina ishirini na manne ya kwanza yana wino wa rangi tatu, miaka imefutwa, mtu aliandikwa mara mbili, mwingine ana alama ya kuuliza. Kisha kuanzia namba ishirini na tano, kalamu moja, hakuna kufuta. Ni kama jua limetoka.

Nikaanza kusoma majina. Masika. Kavira. Kavugho. Kahambu. Katungu. Kyakimwa. Nikasema, haya, bahati. Nikaendelea. Masika. Kavira. Kavugho. Kahambu. Katungu. Kyakimwa. Koko, mimi ni Mnande kama wewe. Masika ni binti wa kwanza, Kavira wa pili, na kuendelea hivyo mpaka Kyakimwa wa sita. Kwetu mtoto anajua kuhesabu hivyo kabla hajajua vidole vyake. Donc, yaani, mabinti sita wa tumbo moja walipanga mstari mbele ya mlango wako kwa kufuatana kuzaliwa, wakatoka, wakaingia wengine sita, mara sita! Na wote walizaliwa katika miaka inayoishia na sifuri au tano. Na waume zao wanaitwa Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa, kwa mstari uleule.

Wale waliotunga faili walitoka Kinshasa, hawakuona kitu. Mkubwa wangu ni Mushi, kabila jingine, hakuona pia. Mimi sijamwambia mtu.

Ni nani hawa wanawake thelathini na sita?

Na kingine. Mtu anayevimba miguu na kulala amekaa, mimi nimesomea jambo hilo. Usinidanganye mambo ya tajiri na askari.

Séphora

*

Butembo, tarehe 2 Mei 2023

Bibi yangu,

Usamehe ukimya. Kalamu iliisha, kisha karatasi iliisha, kisha Pasaka, kisha nikaishiwa sababu. Djuma amepita hapa mara nne akiuliza kama kuna barua, na mara nne nimempa parachichi badala yake. Sasa ameniambia kwamba nyumba yake imejaa parachichi.

Victoire ni mzima. Mimi walinipeleka kwa daktari. Alisikiliza kifua changu muda mrefu kuliko inavyotakiwa na alinisifia shati. Nimefanya kazi hiyo miaka arobaini, najua daktari anasifia shati lini.

Kwa hiyo nakuandikia yote, na uyasome umekaa.

Mkunga wetu Kahongya alikuwa amepelekwa kituo kingine mwaka ule. Nilibaki mimi na chupa ya siki. Wanawake wangekujaje? Mimi ndiye niliyekuwa nasoma masomo kanisani. Mwanamke anisikilize Jumapili nikisoma barua kwa Wakorinto, kisha Jumatatu alale mbele yangu na miguu juu? Ishirini na wanne walikuja, wengi kwa kuburutwa na dada zao. Walihitajika sitini. Na kituo kitakachotimiza ubora wote kilikuwa kimeahidiwa friji ya sola ya chanjo, maana yetu ilikuwa imekufa. Naweza kukuambia nilifanya kwa ajili ya friji. Nusu ni kweli. Nusu nyingine nilitaka jina langu lisomwe mbele ya wenzangu, na lilisomwa, na nilivaa tai.

Waliobaki niliwaandika alasiri moja, juu ya meza ya jikoni, Victoire akichambua maharage pembeni. Ukianza kubuni mtu, jina la kwanza linakuja Masika. Baada ya Masika, mkono wa Mnande utaandika nini? Hata sikuona. Miaka saba nimejiona mjanja, kumbe niliandika kama mtoto anayeimba namba.

Sasa sikia sehemu inayochekesha. Walikuwa na utaratibu wa kuhakikisha. Kijana wa shirika moja, Précieux, anachukua majina kumi na tano kutoka rejesta, anakwenda nyumbani kwao kuuliza kama kweli walipimwa. Bahati yangu ilivyo, alichukua yote kumi na tano kutoka kwenye mwandiko mzuri. Nilipiga shati pasi, nikamwambia Victoire kwamba labda kesho sina kazi, tutalima. Baada ya siku tatu Précieux akarudi, amechoka, viatu vina matope. Akasema: "Titulaire, félicitations, hongera. Nimewapata wote."

Wote! Alipita barabara za juu akiuliza: "Nani hapa ni Kavira, bibi ya Kambale?" Na katika Butembo hii, kila barabara utakosaje Kavira, bibi ya Kambale? Anakaribishwa, anapewa kiti, anafungua karatasi: "Mama, ulipimwa kituoni?" Mgeni amekaa kwenye kiti chako, ana kalamu, amevaa jilé, kizibao cha mradi. Utamwambia hapana, ili aaibike? Wakajibu: ndiyo, nilifika, walinipokea muzuri. Kumi na mmoja walisema wameridhika sana. Mmoja alilalamika kwamba alingoja kwenye foleni tangu asubuhi. Séphora, nilicheka siku tatu. Mwanamke ambaye sikumwona maisha yangu yote alilalamikia foleni yangu, na niliandikiwa nipunguze muda wa kungoja!

Hapo ndipo ningependa barua iishe.

Miezi miwili baadaye alikuja mwanamke mmoja, mfupi, muuzaji wa poireaux, vitunguu vile vya majani marefu, kwenye soko dogo karibu na uwanja wa ndege. Alivua viatu mlangoni. Akasema:

"Titulaire, miye niko Katungu, bibi ya Katembo. Ule kijana aliniambia jina langu liko mu kitabu, kwamba nilipimwa na hapana kitu. Nilimujibu ndiyo, ju alikuwa mugeni. Mais miye sikumbuke. Kile kitabu ni miye?"

Chupa ya siki ilikuwa pale, kwenye kabati, nyuma ya mgongo wangu. Dakika tano. Mais kumpima kungekuwa kukubali kwamba hakupimwa, na katika chumba cha pili walikuwapo wageni wa mradi wakipiga picha friji. Nikamwambia: "Mama, kama kitabu kinasema hauna kitu, hauna kitu. Kitabu hakisemi uongo. Rudi nyumbani." Alinishukuru. Aliniachia fungu la poireaux. Tulikula.

Kisha ikaja Ebola, kisha nikastaafu. Nimeungama dhambi zangu zote kwa padri, hata zile ndogo za ujana. Hii nilimwambia padri kama "niliongeza kidogo hesabu fulani". Akanipa Salamu Maria tatu.

Siwezi kufa yule mama akiwa nyumbani kwake anaamini kitabu changu. Mtafute, bibi yangu. Wewe una miguu, una pikipiki ya kazi na una cheo. Mpeleke apimwe. Usimwambie ni nani alikutuma.

Na haukunijibu: umepimwa?

Éphraïm

*

Beni, tarehe 9 Mei 2023

Koko,

Wote hapa wazima.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka mpaka Hadassa akalia. Kisha nikafika mahali yule mama alipovua viatu. Sikucheka tena.

Unaniomba nimtafute bila kutaja jina lako. Hapana. Si mimi niliyemrudisha nyumbani. Mtu aliyemwambia kwamba kitabu hakisemi uongo, ndiye atakayemwambia kwamba kilisema. Soko lake liko hapohapo ulipo, Rughenda, hata kama miguu imevimba. Pikipiki ziko nyingi Butembo kuliko hapa.

Na si yeye peke yake. Umehesabu? Précieux aliwakuta kumi na watano. Wote kumi na watano waliambiwa na mtu mwenye kalamu kwamba walishapimwa. Wewe ulicheka siku tatu.

Nimempigia mkunga Kahongya. Alirudishwa kituoni kwenu tangu mwaka jana. Anapima Jumanne na Ijumaa, bila kuangalia jina la mtu kwenye kitabu. Nilimwambia tu kwamba labda utamtumia wageni.

Sitakuandikia mpaka umpate.

Séphora

*

Butembo, tarehe 17 Juni 2023

Bibi yangu mkali,

Salamu kutoka kwa Victoire, ambaye ni mzima na ambaye amejua kila kitu, kwa sababu aliisoma barua yako kabla yangu. Alisema umeandika vizuri. Hakunipa uji siku hiyo.

Nimekwenda. Walinipakia juu ya pikipiki, dereva mbele, Victoire nyuma, mimi katikati kama gunia la kahawa. Tulipanda mpaka barabara za juu, karibu na uzio wa uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kwenye nyumba ya kwanza nikauliza: "Katungu, bibi ya Katembo, anakaa hapa?" Akatoka mama wa miaka themanini, hana jino. Nikaomba msamaha. Nyumba ya pili, Katungu mwingine, mnene, anasonga bugali. Nikaanza hotuba: mimi nilikuwa titulaire, mwaka 2016 niliandika uongo, kuna mwanamke anaitwa Katungu aliyeambiwa kwamba alipimwa...

"Njo miye!" akasema.

"Mama, si wewe. Yule anauza poireaux."

"Titulaire, umesema Katungu, bibi ya Katembo. Miye Katungu. Ule ndani analala ni Katembo. Na ule kijana alifika hapa pia, alikunywa chai yangu. Nilimwambia nilingoja foleni tangu asubuhi!"

Ndiye! Mwanamke wa foleni! Nilitaka kumuuliza kwa nini alisema vile, mais alikuwa ameanza kuita jirani zake. Wakaja Kavira wawili, Masika mmoja, Kahambu mwenye mtoto mgongoni. Walinizunguka. Mmoja akasema: "Donc titulaire, ulitupima kwa kichwa?" Mwingine: "Na matokeo yangu ilikuwa nini? Nilikuwa muzima?" Nikajibu wote walikuwa wazima. "Aksanti, docteur! Dawa yako ni nguvu, inaponyesha na kalamu!" Walicheka mpaka motari, dereva wetu, akazima pikipiki ili asikie vizuri. Mama wa foleni akawaambia wenzake: "Miye Jumanne ninaenda kwa Kahongya. Siku hii nitangoja foleni ya kweli." Jumanne walikwenda kumi na tisa. Siku nilipowaita kwa megafoni miaka ile, walikuja wanne.

Katungu wangu nilimpata sokoni, mwisho, jua likiwa kali. Alikuwa anafunga mafungu kwa nyuzi za mgomba. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Titulaire, ulikonda."

Hotuba iliniishia. Nikasema tu: "Katungu, kitabu kilisema uongo. Miye njo niliandika. Haukupimwa."

Aliendelea kufunga fungu. Alimaliza, akalipanga na mengine, akachukua jingine.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mutu anaweza kusahau vile? Kuvua nguo, kuwekwa siki? Nilijua hata siku nilikuya kwako. Nilisema moyoni: nikimuuliza atapata haya, atanipima. Dada yangu Kahambu, ule mwenye kunitangulia tumboni, alikufa na ule ugonjwa. Njo maana nilivua viatu kwako. Weye ukanirudisha."

Nilimuuliza kwa nini hakwenda kwingine. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mjinga.

"Nilienda. Mu mwaka wa kufuata walileta kampeni ya kupima. Waliangalia liste ya majina. Wakasema: Mama, weye ulishapimwa, ngoja wengine."

Séphora, hilo sikulijua. Nilidhani nilimnyima dakika tano. Kumbe jina langu zuri lilisimama mlangoni kila alipokwenda.

Nilimwambia Kahongya yuko, twende sasa, pikipiki ipo. Akakataa. Akasema: "Ule mwaka nilikuwa na nguvu ya kusikia jibu. Sasa miaka saba imepita. Kama iko, imeshakomaa. Naogopa." Victoire alimbembeleza. Akasema atawaza. Jumanne haikumleta, Ijumaa pia. Nimemtuma Victoire mara mbili. Amerudi na poireaux.

Nimempata, kama ulivyoniagiza. Sasa niandikie, tafadhali. Sijui nifanye nini.

Éphraïm

*

Beni, tarehe 28 Juni 2023

Koko wangu,

Nakusalimia wewe na kiti chako. Hadassa ametembea hatua tatu, akaanguka juu ya Baba, ambaye alikuwa amelala. Wote wazima.

Mkutano ulikuwa jana. Nilionyesha ukurasa wako ukutani. Sikusema kitu, nilisoma tu kwa sauti: Masika, Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu, Kyakimwa. Nilipoanza Masika wa pili chumba kizima kilikuwa kinacheka. Mkubwa wangu, Mushi, aliuliza: "Mais wanacheka nini?" Walipomweleza hakucheka. Nikaandika ubaoni: wanawake sitini, waliopimwa ishirini na wanne. Asilimia arobaini. Kisha nikawasomea alichosema Katungu kuhusu liste.

Baadaye titulaire mmoja, mtu mzima, akanyanyua mkono: "Miye pia niko na Masika wangu." Halafu mwingine. Kabla ya chakula walikuwa saba. Tumekubaliana kuita upya kila mwanamke wa kurasa zile, na mkunga wa kike awepo. Gridi yetu ya alama mwaka huu itakuwa mbaya sana. Mkubwa wangu alikunywa soda mbili. Mwishoni aliniuliza muuguzi yule ni nani kwangu. Nikajibu: "Ni yule aliyeniposa wa kwanza." Hajaelewa bado.

Sasa swali lako. Uliniuliza mara mbili na mara mbili nilijifanya sikuona. Sikuwa nimepimwa. Miezi mitano natembea nikiwahesabia wengine alama, na kwangu hakuna. Niliogopa kama Katungu, bila hata sababu yake. Ijumaa iliyopita nililala kwenye kile kitanda. Ni baridi, na siki inachoma kidogo, na dakika ile moja ni ndefu kuliko njia ya Eringeti. Sina kitu.

Mwambie Katungu hayo. Mwambie pia kwamba yule anayewahesabia wengine alama aliogopa kama yeye. Usimbembeleze tena. Muulize yeye anataka nini kutoka kwako ili aende. Nafikiri hakuna mtu aliyemuuliza siku hata moja.

Mjukuu wako na bibi yako,
Séphora

*

Butembo, tarehe 14 Julai 2023

Bibi yangu Séphora,

Mwandiko huu uusamehe, mapadri wangenipiga rula. Victoire alitaka kuniandikia, nikakataa. Yeye ni mzima, mbuzi ni mzima, mimi nakuandikia kwa vipande vipande tangu juzi, nikivuta pumzi katikati.

Nilimtumia Katungu swali lako. Jibu lilirudi siku ileile: "Titulaire akuye akae ku banc, inje ya pazia, mbele ya wanawake wote, tangu nitaingia mpaka nitatoka. Asisimame."

Ijumaa iliyopita walinibeba. Nilikaa kwenye benchi katikati ya wanawake kumi na mmoja, mwanaume peke yangu, na miguu yangu kama mihogo. Waliniuliza kama mimi pia natafuta kuwekwa siki. Mmoja akauliza kama foleni inanifurahisha. Nikasema inafaa kupunguzwa. Katungu alipita mbele yangu bila salamu, akaingia. Nikasikia pazia. Nikasikia Kahongya akisema "legeza magoti, mama." Kisha wale wanawake wote waliacha kucheka kwa pamoja.

Dakika ile moja nimeitumia mara nyingi kazini, Séphora. Sikuwahi kukaa upande huu wake.

Kahongya akatoka, akainama sikioni mwangu. Kilionekana cheupe, alama ndogo kama punje ya mtama. Haijaingia ndani. Bado ni ya kuchoma tu, na mashine ya kuchomea ilikuwepo. Ilichukua muda mdogo kuliko niliotumia kuandika wale thelathini na sita. Kahongya anasema hivi, na alisema polepole ili nisikie: ingengoja miaka mingine miwili, mitatu, isingekuwa hivi.

Katungu akatoka amefunga kitenge vizuri. Akasimama mbele yangu.

"Chukua kalamu."

Kahongya akaniletea rejesta. Nilifuta mara mbili, ukurasa umekuwa mchafu kabisa. Aliniambia kila neno. Katungu, binti wa tano, mdogo wa marehemu Kahambu. Mwaka wa kuzaliwa: hajui, ni mwaka ule nzige walikula mtama, nimeandika hivyohivyo, Kahongya atatafuta namba. Matokeo: iko. Ametibiwa leo. Arudi baada ya mwaka mmoja. Akaangalia mistari ile, ingawa hajui kusoma, akaweka kidole juu ya neno la mwisho.

"Hapa ni nini?"

"Ni siku ya kurudi. Mwezi wa saba, mwaka 2024."

"Njo weye utanikumbusha. Utakuya kunichukua."

Bibi yangu, daktari alimwambia Victoire, akidhani sisikii, kwamba Noeli ni mbali kwangu. Maneno kama hayo hata kiziwi anayasikia. Nikamweleza Katungu kwa upole kwamba mwaka ujao sitakuwepo.

"Ile ni shida yako," akasema. "Mara hii hapana kunirudisha."

Akaenda zake sokoni. Wale wanawake wakaniangalia mimi, wakingoja nitajibu nini. Nimepanga mambo yangu yote, nimechagua wimbo wa mazishi, nimemwonyesha Victoire shati, na sasa nina miadi, rendez-vous.

Nitajaribu kufika. Nikishindwa, nenda wewe. Shuka kwa Djuma mapema asubuhi, panda mpaka soko dogo la uwanja wa ndege. Usiulize Katungu tu, watakupa wanne. Uliza Katungu wa poireaux. Mchukue kwa mkono, kaa kwenye benchi, usisimame mpaka atoke.

Na akikuuliza mimi niko wapi, mwambie ukweli.

Éphraïm